Miaka Yote Hii Alikuwa Akimlipa Nani?

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi moja baada ya Alasiri, kwenye baraza ya mtaa wetu wa Shela hapa Malindi, mbele ya wazee, kina mama, wavuvi na vijana wa sekondari. Kijana mmoja aliyarekodi kwa simu. Nimeyaandika kama yalivyotoka. Nilichoondoa ni kikohozi changu na pale mbuzi alipoingia.

Assalaam alaykum. Na ndugu zetu wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni. Na nyinyi vijana mliopanda ukuta, shukeni, ukuta ule una mwenyewe.

Nimepewa dakika 20. Mimi ni fundi wa redio na TV, kazi yangu ni kupanda mapaa ya watu, na mtu aliye juu ya paa hana mazoea ya kusikilizwa. Yeye hupigiwa kelele kutoka chini: "Hapo! Hapohapo! Rudi kidogo! Aah, umeipoteza!" Leo nimeshuka, nyinyi mmenyamaza, na mimi ndiye ninayesema. Siku hii nimeingoja miaka mingi.

Kikapuni humu mna vitu vinne: antena, dikoda, redio, na waya wa shaba wa mita 10. Tutavifikia. Kwanza nina kisa cha bi mkubwa mmoja wa mtaa wa Barani, ambaye ameniruhusu nikisimulie mradi nisimtaje jina.

Alinipigia simu asubuhi mapema. "Mwanangu, TV yangu imekufa. Haikuugua, imekufa ghafla." Nikaenda na mkoba wangu. Kufika, TV nzima. Inawaka, inang'aa, na katikati ya skrini pana maandishi yanayosema malipo ya mwezi yamekwisha. Mama hasomi Kiingereza, ameona weusi na maneno, akajua ni mauti. Kumbe mwanawe aliyeko Uarabuni ndiye anayelipia dishi kila mwezi kwa simu, na mwezi ule alikuwa amebadilisha kazi, hana kitu, na haya ya kumwambia mamake.

Nikamuuliza, "Mama, wewe hutazama nini hasa?" Akanihesabia kwa vidole: taarifa ya habari ya saa moja usiku, kile kipindi cha jioni cha mama mkwe mkorofi, mawaidha ya Ijumaa, na mpira timu ya taifa ikicheza. Vidole vinne. Kwenye dishi lile mlikuwa na stesheni zaidi ya 100, za upishi, za katuni, za lugha nisizozijua, na yeye alikuwa akitumia vidole vinne.

Nikatoka uani. Nikaona mti wa mkandaa umeegeshwa ukutani, na juu yake antena ya zamani ya alumini, imeanikwa kanga mbili na taulo. Nikaomba ruhusa nizianue kanga. Nikaisimamisha antena juu ya banda la kuku, nikabadilisha waya maana ule wa zamani ulikuwa umeliwa, nikaupitisha dirishani nikauchomeka nyuma ya TV. Dikoda sikuhitaji, TV yake ni ya miaka ya karibuni, kipokezi kimo ndani. Nikabonyeza kutafuta. Stesheni zikaanza kujihesabu zenyewe, moja baada ya moja, na mama amekaa kitandani anaangalia namba zinapanda kama mtu anayehesabiwa fedha.

Akaniuliza, "Na hizi zalipwa lini?"

Nikamwambia hizi hazilipwi.

"Mwisho wa mwezi?"

Hazilipwi kabisa, mama. Ni matangazo ya sabuni na mafuta ya kupikia ndiyo yanayozilipia.

Akanyamaza, akakunja ushanga wake. Kisha akasema, "Sasa mwanangu miaka yote hii alikuwa akimlipa nani?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu la kumpa pale. Lakini lile swali lilinifuata mpaka nyumbani, na ndilo lililonileta hapa.

Tulifikaje mahali ambapo mtu anaanika kanga juu ya antena na kulipia kitu kilichokuwa kinampita juu ya kichwa? Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2006 nchi nyingi zilikutana Geneva zikakubaliana kwamba TV za analogi ziondoke zije za dijitali, na tarehe ikawekwa: 17 Juni 2015. Wenzetu wa Tanzania walianza mapema, Dar es Salaam ikazimwa 31 Desemba 2012. Sisi tuliingia kortini kwanza, kama kawaida yetu. Halafu Februari 2015, mnakumbuka, stesheni kubwa zikawa giza siku 19 kwa sababu ya mzozo wa nani apeperushe matangazo ya nani. Siku 19 watu hawajui habari wala tamthilia. Ndani ya siku zile ndipo wauza dishi walipouza, na ndipo neno likaenea mjini kwamba antena imekufa. Antena za mji huu ziliuzwa kwa kilo, pamoja na sufuria zilizotoboka.

Na haikuwa kweli. Ukweli ni huu. Zamani kila stesheni ilikuwa na dau lake: ilishika kipande cha mawimbi cha megahezi 8 peke yake, ikaja na mzigo wake mmoja. Sasa kipande kilekile cha megahezi 8 ni jahazi, limepakia stesheni kumi na zaidi kwa pamoja. Mzigo umebadilika namna ya kufungwa. Bahari ni ileile, upepo ni uleule, na bandari, yaani antena yako ya UHF, masafa ya TV, ni ileile. Kilichohitajika ni mpakuzi anayejua kufungua mzigo mpya, naye ndiye hii dikoda. King'amuzi, wanavyosema wenzetu wa ng'ambo ya mpaka. Na TV nyingi za siku hizi zina mpakuzi wao ndani. Mkienda dukani tazameni kwenye sanduku pameandikwa DVB-T2. Ile namba 2 iwepo, ndiyo inayotumika kwetu. Na muulizeni muuzaji kwa Kiswahili cha wazi: hii dikoda ina malipo ya mwezi au haina? Maana ziko kampuni za kulipia ambazo hazitumii dishi, zinatumia antena kama hii hii, ila jahazi lao lina kufuli. Akianza kuzungukazunguka, rudisha mfukoni pesa zako.

Jambo la pili la dukani. Utaonyeshwa antena ndani ya sanduku lenye picha ya TV inayometameta, imeandikwa "ya dijitali". Hakuna antena ya dijitali. Alumini haijui kusoma. Chuma kinachoshika mawimbi ya UHF kilikuwa kikiyashika 1990, kinayashika leo. Fundi mwenzangu aliyekaa pale nyuma asinune. Nami nilikuwa nikiziuza.

Hebu nishikieni hii. Asante, mwanangu, inua juu wakuone.

Mnaiona kama mwiba wa samaki. Umbo hili lilifikiriwa na Wajapani wawili, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, mwaka 1926. Kazi kubwa aliifanya Uda, na dunia nzima huiita Yagi. Hata kwenye mapaa dhuluma ipo. Sasa, kijiti hiki kilichofungwa waya ndicho kinachopokea. Hiki kirefu nyuma yake ni ukuta, kinalirudisha wimbi mbele. Hivi vifupi vya mbele vinaliongoza wimbi lije. Havizidi sana shubiri moja, kwa sababu wimbi la megahezi 600 lina urefu wa sentimita 50, na kijiti kinataka nusu yake. Kwa hiyo ncha yenye vijiti vifupi ndiyo itazame mtambo. Nimepanda paa moja Maweni nikakuta antena imeupa mtambo mgongo miaka miwili, na mwenye nyumba miaka miwili anaitukana serikali.

Utajuaje mtambo uko wapi? Tazama antena za majirani zinaelekea wapi, na vijiti vyao vimelala au vimesimama. Nawe fanya hivyo hivyo. Urefu wa mti nao una kazi. Mawimbi haya huenda moja kwa moja kama jicho, yakipinda kidogo sana. Mlingoti wa mtambo ukiwa na mita 100 na antena yako iko mita 9 kutoka chini, mnaweza kuonana katika kilomita 53 hivi, ardhi ikiwa tambarare. Watu wa Mambrui wanapata bila shida ya maana. Ndugu zetu wa Marafa kule juu, walio bondeni, wajue hawatapata kwa maombi tu. Mti uwe mrefu.

Adui wa antena hapa kwetu ni chumvi. Alumini na shaba zikigusana penye unyevu wa bahari, alumini huliwa. Fungua kile kisanduku cha kiungo baada ya mwaka utakuta unga mweupe na kutu ya kijani, na hapo ndipo picha yako ilipofia. Paka grisi, kisha zungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, ukaze kama unavyofunga kidole kilichokatika. Na waya ukishuka kutoka juu, upe tumbo kidogo kabla haujaingia dirishani, ili maji ya mvua yadondokee nje. Usipoupa tumbo, maji yatafuata waya kama mgeni anayejua njia, mpaka ndani ya TV.

Minazi. Mnazi mbele ya antena wakati wa jua hauna neno kubwa. Masika makuti yakilowa, ni pazia. Mtu huniita mwezi wa tano: "Fundi, dikoda imeharibika." Dikoda ni nzima, kuti limelowa. Sogeza mti hatua tatu kando. Na kama unaweka busta, kile kikuza mawimbi, iweke juu karibu na antena; ukiiweka nyuma ya TV, inakuza uchafu wote uliookotwa njiani.

Nalo la mwisho kuhusu TV: picha ya zamani ilikuwa na chenga, ukavumilia, ukamwona mchezaji na kivuli chake. Ya sasa haina subira. Ama safi, ama inavunjika vipande vya mraba, ama hamna. Kwa hiyo ikivunjika usidhani uko mbali sana. Mara nyingi umekosa kidogo tu.

Kuna mzee hapa mbele ananikunjia uso, najua anachotaka kusema. Mpira wa Ulaya. Mzee wangu, sitakudanganya: mechi zile za kila Jumamosi ya London na Manchester zina wenyewe, zimenunuliwa, na antena hii haitakuletea. Kama mpira ule ndio roho yako, lipa, au nenda kibandani utazame na wenzako, ambako ndiko kwenye utamu wake. Mimi simkatazi mtu dishi. Nasema ajue anacholipia, na ajue kilicho bure.

Sasa tushike redio, maana huyu ndiye mpenzi wangu wa kwanza.

Nimekulia nyumba yenye redio moja, ya babangu, ya ngozi ya kahawia yenye matundu. Haikuwa ya watoto. Mawe yake, yaani betri, yakichoka, mama aliyatoa akayaanika juu ya ukuta wa uani, manne, yamepangwa kama samaki wa kukaushwa, na sisi tuliwekwa kuyalinda yasiibiwe. Jua huyapa nguvu ya kuazima, ya saa moja hivi, basi. Saa ile moja ilikuwa na kazi maalumu: usiku wa kuamkia Ramadhani. Wanaume wote wa kichochoro walikaa barazani kwetu, redio katikati juu ya kiti, na babangu anazungusha kidude polepole kwa kidole gumba na cha shahada kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Unguja wanasema nini? Mombasa je? Kelele, mluzi, sauti ya Kiarabu inakuja na kuondoka kama mawimbi ya pwani, halafu ghafla mtu anasema Kiswahili safi kama yuko chumba cha pili. Hakuna aliyepumua. Kisha mmoja akasimama akaenda kuwaambia kina mama ndani wapike daku.

Sauti zile zilitoka mbali kuliko tulivyojua. Cairo ilianza kutangaza Kiswahili 1954, ikawa inawachoma wakoloni masikioni kila jioni, na wazee wetu wakiipunguza sauti mtu akipita. London, yaani BBC, ikaja 27 Juni 1957. Peking 1961, Sauti ya Amerika 1962, Ujerumani 1963, Japani 1964. Fikirini jambo hili: dola kubwa za dunia zilishindana kusema Kiswahili na mvuvi wa Ngomeni, kila usiku, kwa gharama zao, naye anatia mawe manne tu.

Na Ngomeni yenyewe nimeitaja kwa makusudi. Mji huu si mgeni wa mambo ya mbingu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye lile jukwaa la Waitaliano baharini pale Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Wale wana madishi ya mamilioni. Sisi tuna waya. Lakini mbingu ni moja.

Sauti zile za ng'ambo zilikuja kwa masafa mafupi. Nayo hufanyaje kazi? TV nimesema huenda kama jicho. Haya huenda kama mpira unaodundwa. Juu yetu, kuanzia kama kilomita 60 mpaka mamia ya kilomita, jua huipiga ile hewa nyembamba ikajaa umeme, ikawa kama dari. Wimbi linapanda kutoka ng'ambo, linagonga dari, linarudi chini maelfu ya kilomita mbali. Mchana tabaka la chini la dari lile hunywa mawimbi yenye namba ndogo. Jua likitua tabaka lile hufifia, namba ndogo zikapita zikafika. Ndiyo maana kanuni ya fundi ni fupi: mchana namba kubwa, usiku namba ndogo. Adhuhuri tafuta megahezi 15, 17, mpaka 21. Magharibi shuka 11 na 9. Usiku wa manane 7 na 6. Kijana anayezungusha redio saa sita mchana kwenye megahezi 6 akasema "masafa mafupi yamekufa" ni kama mtu aliyekwenda kuvua pwani ikiwa kavu.

Wale wanaokumbuka watangazaji wakisema "mitabendi 25, mitabendi 31", ni hesabu rahisi: gawa 300 kwa megahezi. Unguja kwa miaka mingi ilisikika kwenye kilohezi 11735, yaani megahezi 11.735. Mia tatu gawa kwa 11.735, unapata mita 25 na nusu hivi. Robo yake ni mita 6 na kidogo. Waya wa mita 6, basi, umeshampokea Mzanzibari vizuri.

Lakini mimi si mtu wa kuwauzia ndoto. Redio hii si ile ya babangu. Kituo cha BBC cha Ushelisheli, kilichokuwa kinarusha kwetu moja kwa moja juu ya bahari, kilifungwa 2014. Cha Wajerumani kule Kigali, 2015. Machi 2025 Sauti ya Amerika ikanyamazishwa na serikali yake yenyewe. Kila wakifunga husema wasikilizaji wamehamia kwenye simu. Hawakuja kutuuliza. Wachina wapo, tena wengi kuliko wote, ukizungusha utawakuta kila kona. Qur'ani kutoka Saudia ipo. BBC ya Kiingereza kwa Afrika ipo. Wahindi wapo na nyimbo zao. Na ratiba hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo ukipoteza stesheni wiki ile usiilaumu redio, itafute ilikohamia.

Naona kijana ameinua mkono. Sema. ... Anauliza, kwa nini nisisikilize yote hayo kwa simu? Swali zuri. Sikiliza kwa simu, mwanangu, mimi pia nina simu. Nitakupa siku mbili tu.

Siku ya kwanza, Jumapili, 12 Mei 2024. Kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kusini huko, na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa kama kobe. Mlikuwepo. Mlizima simu mkawasha, mkazima mkawasha.

Siku ya pili, Ijumaa, 25 Agosti 2023, usiku. Stima ilipotea nchi nzima, mpaka uwanja wa ndege wa Nairobi. Hapa Malindi giza lilikuwa zito hata minara ya msikiti hukuiona. Mimi nikapanda juu ya paa na redio hii hii, mawe mawili mapya. Mnajua nini kilichotokea? Redio ilisafika. Siku zote ukifungua masafa mafupi mjini unasikia mngurumo, zzzzz, ukadhani ndiyo redio yenyewe. Kumbe ni taa zetu za LED za bei rahisi, chaja za simu, vile vidude vya sola. Vyote vinatema uchafu wa umeme hewani. Usiku ule vilinyamaza karibu vyote kwa pamoja, mji mzima. Nikazungusha. Kila milimita ya kile kidude ilikuwa na mtu anasema. Lugha nisizozijua, ngoma, mwanamke anasoma namba, mwadhini wa mji sijui upi. Nilikaa mpaka saa nane usiku. Mke wangu alikuja ngazini akaniuliza nimepatwa na nini, nikampa redio, akakaa.

Kwa hiyo nyumbani kwako ukiona mngurumo, zima chaja, toka nje, sogea mbali na nyaya za stima, utashangaa. Na wavuvi mnajua zaidi yangu: ukivuka mwamba ukaenda mbali, simu inabaki kuwa tochi. Redio haijui mwamba.

Na hesabu ya mwisho kwa kijana wangu, kwa sababu anapenda simu. Saa moja ya video ya kawaida hula karibu gigabaiti moja ya data. Nyumba kumi, gigabaiti kumi. Antena ya yule mama wa Barani, hata mtaa mzima ukisimamisha zao, mtambo hauongezi wala haupunguzi kitu. Haujui kama upo.

Dakika zangu zimekwisha zamani, naona mwenyekiti anatazama saa kwa adabu. Tufanye jambo moja la vitendo, kisha mniachie.

Huu waya. Tunaupandisha kwenye mnazi ule. Msiufunge mnazini moja kwa moja, maana mnazi hucheza na upepo, na kusi ikivuma utakatika siku ya kwanza. Mabaharia mliopo mwajua dawa yake: kapi. Funga kapi juu, pitisha kamba kama henza ya tanga, mwisho mmoja waya, mwisho wa pili jiwe la kilo mbili linaning'inia. Mnazi ukiinama jiwe linapanda, ukirudi linashuka, waya unabaki umekaza. Huku chini tunaubana kwenye antena ya redio kwa kibanio cha nguo. Mita hizi 10 zatosha. Ukiweka mita 50 kwenye redio ndogo utaijaza mpaka itapike stesheni zote mahali pamoja. Na masika, ukisikia radi mbali, chomoa waya uutupe nje, usingoje ya pili. Na wallahi, waya wowote usipite juu wala chini ya nyaya za stima.

Nani atapanda? Wewe uliyekuwa juu ya ukuta, ndiyo, wewe. Vua viatu.

Polepole... hapo. Hapohapo! Ah, mmeona? Sasa ni mimi ninayepiga kelele.

Haya, jua liko wapi? Limekaribia. Basi tunashuka megahezi 11. Nyamazeni kidogo. Ule ni Mchina. Ule pia ni Mchina. Huyo sijui. Ngojeni... mnasikia? Kwa mbali, nyuma ya mluzi. Qur'ani. Sogea mama, njoo karibu, tia sikio. Inakuja... imeondoka... inarudi. Ngoja itarudi, usiguse.

Huyo mwadhini wetu ameanza. Nizime. Tuswali kwanza, baada ya Magharibi tutashuka megahezi 9, na atakayerudi aje na mawe yake, haya yangu yameshachoka.